Usaili Uliofanyiwa Migombani

Jamani, nina bahati! Leo nimepata ukarani wa ushirika Tukuyu, na shule niliishia darasa la nne.

Sikieni.

Nilimsindikiza shemeji Tumaini, mke wa rafiki yangu. Kamaliza sekondari, kaitwa usaili.

Kufungua mlango, msaili ni baba mkwe wake!

Kwetu mke wa mwana hatazamani wala hasemezani na baba mkwe. Shemeji akakimbilia migombani.

Kazi ipotee hivihivi? Nikawa nachukua swali la mzee dirishani, napeleka migombani, narudi na jibu. Jasho!

Mwisho mzee akasema, “Mimi nimekuona wewe tu. Kazi chukua.”

Migombani ikatoka sauti: “Shemeji, mwizi wewe! Majibu yangu hayo!”

Mzee akageukia ukuta. “Basi huo mgomba uanze Jumatatu.”

Haya, cheka. Kazi ni ya Tumaini, mimi nimewadanganya.