Nilivyokwenda Durban Kumfufua Namba Sita

Nilisafiri kwenda Durban kwa sababu baba yangu alikuwa akiombolezwa huko, na mwenyewe hakupendezwa. Nasema akiombolezwa, na huku mzee yuko nyumbani Kigoma, amekaa barazani na bakuli lake la uji, analalamika kwamba sukari haitoshi.

Ilikuwa mwaka 2012, karibu na likizo ya shule ya mwezi wa sita. Solange, msusi wangu, Mkongo mwenye mikono miepesi na mdomo mwepesi zaidi, alinionyesha picha kwenye simu yake. Dada yake Clarisse, anayeishi Durban, alikuwa amemtumia. Ulikuwa ukumbi wa kanisa, na ukutani zilipangwa picha kumi na mbili za vijana wa kijeshi waliovaa bereti. Zote zilikuwa na utepe mweusi pembeni. Nilipofika kwenye picha ya sita nikamwambia Solange aache kunisuka kidogo. Masikio yale nayajua. Ni ya baba, na kwa bahati mbaya ni yangu pia.

Jioni ile nilimpelekea mzee simu. Aliitazama, akacheka mpaka akapaliwa. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, akanieleza habari ambayo hata marehemu mama aliijua nusu tu. Alikuwa askari wa miavuli kwao Kongo. Katika vita vya Shaba, miaka ya sabini, aliruka kutoka ndegeni akiwa wa sita katika safu ya watu kumi na wawili. Upepo ukamtupa msituni, akavunjika mguu, wachoma makaa wakamficha miezi miwili. Alipoweza kutembea, vita vilikuwa vimekwisha. Hakurudi kambini. Alivuka ziwa, akaja Kigoma, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli, akamwoa mama.

"Nilikuwa mzima na sikurudi," alisema. "Jeshini mtu wa namna hiyo ana jina lake."

Nikamwambia tupige simu, yaishe. Akakataa katakata.

"Mtu hafufuliwi kwa simu, Neema. Nenda wakakuone masikio. Lakini wakiniita mtoro, usiniletee hilo neno. Rudi, useme tu kwamba njia ilikuwa nzuri."

Kwa hiyo nilifunga safari nikijua kabisa ninachokwenda kutafuta: ama baba awe na wenzake tena, ama nirudi na uongo mmoja mdogo.

Siku ya kwanza na ya pili nilizimaliza kwenye vumbi la Mpanda na Sumbawanga. Basi letu lilipasua matairi mawili, na kila lilipopasua, kondakta alitupongeza kwa uvumilivu kana kwamba tulikuwa tumeulizwa hiari yetu. Tunduma nikavuka na kupanda basi la Lusaka, pembeni yangu ameketi mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge kutoka Dar es Salaam. Aliniuliza nafuata nini Sauzi. Nikamwambia namfuata baba yangu aliyekufa ambaye yuko hai. Akanitazama, akasogeza mkoba wake upande wa dirishani.

Siku ya tano, Beitbridge, mpakani mwa Sauzi, tulipanga foleni kuanzia alfajiri hadi jua la utosini. Nilikuwa nimeshazoea, mwalimu wa shule ya msingi hashindwi na foleni. Mama wa vitenge alikuwa ameshaniamini kufikia hapo, akanigawia chapati, na akaniambia niseme nakwenda kutembelea ndugu, maana maafisa wa mpaka hawapendi hadithi ndefu.

Alhamisi mchana niliingia Durban. Waliniambia ni majira ya baridi, nikavaa masweta mawili, nikashuka kwenye jua tamu kama la asubuhi ya Kigoma. Clarisse alinipokea kwa vigelegele vya peke yake, mtu mmoja akipiga kelele za watu sita.

"Karibu sana, dada! Eish, ulivala masweta yote ya Tanzania? Kuya, tupande taxi, tutashuka pale kwa robot."

Robot kwao ni taa za barabarani. Tulishuka hapo, tukapanda ngazi hadi nyumbani kwake Glenwood, chumba kimoja katika fleti anayochanga kodi yake na wanafunzi wawili wa chuo. Alinipikia sombe, kisamvu chao, na samaki, akaniweka kitandani kwake, yeye akalala chini. Nilipopinga alisema mgeni wa para halali chini. Para ndilo jina lao la askari wa miavuli, na baba yake Clarisse alikuwa namba kumi.

Kabla sijalala alinieleza utaratibu wao. Kila mwaka familia za safu ile zilizohamia Durban hukutana. Haisomwi hotuba ndefu. Wanapanga mstari kama walivyopangwa wanaume wale ndani ya ndege, mtu wa nyuma anakagua mgongo wa aliye mbele yake, anampiga begani, anataja namba ya huyo wa mbele na kusema sawa. Kisha mmoja mmoja anapanda meza ya kanisa, anaruka, na akishatua chini anaitikia, "Présent!" yaani nipo. Anayeitikia ni mtoto, mjane au mjukuu.

"Na namba sita anaitikiwa na nani?" nikauliza.

"Mama Régine. Ule bibi ya namba saba. Bwana yake alikufaka miaka tano sasa. Anaruka ya bwana yake, anarudia kuruka ya baba yako. Na magoti yake iko mabaya, dada. Mais huwezi kumukataza." Mais ndiyo lakini yao, ya Kifaransa.

Ijumaa asubuhi tulikwenda kwake, Cato Manor. Nilimkuta Mama Régine uani akipiga pasi bereti, kazi ambayo sikujua kwamba inawezekana. Ni mama wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye sauti ya kumsimamisha ng'ombe. Nilimwamkia kwa heshima zote, nikamweleza. Hakuacha kupiga pasi.

"Baba yako iko mzima?"

"Yuko mzima, Mama. Tazama masikio yangu."

"Masikio kila muntu iko nayo." Akaiweka pasi. "Mutoto yangu, usikasirike. Batu bengi banakuyaka hapa na baba ya uongo, wanatafuta karatasi, wanatafuta msaada. Donc, nitakuuliza neno moja tu. Ndani ya ndege, mbele ya kuruka, bwana yangu alipatia namba sita kitu. Ni kitu gani?"

Sikujua. Baba alikuwa amenieleza upepo, mti, mguu na wachoma makaa, lakini kitu hakukitaja. Nikachomoa simu, nikampigia. Haipatikani. Nikapiga mchana, haipatikani. Nikapiga jioni tukiwa tumerudi Glenwood, yule dada wa kwenye mtandao akaniambia nijaribu tena baadaye, na mimi nikamjibu vibaya ingawa si kosa lake. Nilikuwa na hofu, nakiri. Nilianza kufikiri kwamba pengine mzee ameizima simu kwa makusudi, asisikie lile neno.

Jumamosi saa tatu asubuhi tulikuwa ukumbini. Nilitarajia msiba. Nikakuta watu wamevaa vitenge vya sherehe, masufuria ya wali na kuku yanapita juu ya vichwa, na kwaya inajaribu ngoma. Papa Mathieu, mtoto wa yule aliyekuwa akiwarusha askari mlangoni mwa ndege, alikuwa akiipima meza kwa kuirukia yeye mwenyewe, na ni mtu mnene. Meza ilistahimili, watu wakaipigia makofi.

Mama Régine alinijia moja kwa moja. "Umepata jibu?"

Nikapiga pale pale mbele yake, nimeweka sauti ya kusikika kwa wote. Ikaita. Ikaita tena. Watu walianza kusogea.

"Haloo? Nani?"

"Baba! Simu yako ilikuwa wapi tangu jana?"

"Niliipeleka kuchajiwa, yule mwenye duka akaenda harusini na ufunguo. Mmenifufua tayari?"

"Bado. Kuna mama hapa anauliza, namba saba alikupa nini ndani ya ndege?"

Kwaya iliweka ngoma chini ili isikie.

"Kwanga," akasema. "Kwanga nzima, ule mkate wetu wa muhogo, imefungwa kwenye majani yake. Mifuko yake ilikuwa imejaa, akaitia kwenye mfuko wangu, akasema tutagawana tukifika chini." Sauti yake ikapungua. "Mwambie niliila peke yangu. Yote. Nilikuwa msituni, nina njaa. Hebu mpe simu Saba, nimwombe radhi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba baba hakuwa na habari. Utepe wa picha ya saba hakuuamini, maana wake mwenyewe ulikuwa wa uongo; miaka yote alidhani rafiki yake anaishi mahali fulani. Mama Régine alinichukulia simu mkononi, machozi yanamtiririka na wala hayafuti.

"Saba alikufaka, shemeji. Sasa Saba ni mimi."

"Pole," baba akasema. "Pole sana, Mama." Kisha akauliza kwa lile neno ambalo alikuwa amenikataza kumletea nyumbani. "Na mimi hapo mnaniita nani? Mtoro?"

Mama Régine alifuta uso kwa kiganja, akavuta pumzi, na ile sauti ya kusimamisha ng'ombe ikarudi.

"Mutoro? Mutoro banamutafutaka ili bamufunge! Wewe bwana yangu alikutafuta siku tatu mu pori ili mukule pamoja! Hata uzeeni, nikimupikia, anasema: iko muzuri, mais Sita iko na kwanga yangu. Na mimi naruka pahali yako kila mwaka na magoti haya, kumbe bwana uko Kigoma unanona!"

Nani alianza kucheka sijui. Nadhani ni baba. Kicheko kilitoka kwenye simu kikapokewa na ukumbi mzima, vigelegele vikapanda, Clarisse akanirukia shingoni tukaanguka wote juu ya viti vya plastiki. Nilicheka nikilia, na sikuona haya. Papa Mathieu alichukua kiti, akapanda, akatoa utepe mweusi kwenye picha ya sita, akasimama nao mkononi asijue auweke wapi. Hawakuwahi kuutoa utepe wa mtu. Mwishowe akampa bibi mmoja, akafungia nao mfuniko wa sufuria uliokuwa unalegea.

Saa tano mstari ukapangwa. Nikaambiwa nisimame mahali pa sita. Sasa, mimi ni mtu ninayeogopa hata kusimama kwenye stuli kubandika chati darasani, na meza ile niliiona ndefu kama ghorofa. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nyuma yangu, Mama Régine alipitisha viganja vyake viwili mgongoni mwangu, polepole, begani, kwapani, kiunoni, akivuta kamba ambazo hazipo na kuhakikisha zimekaza. Hakuharakisha. Alikagua kama mtu anayejua kwamba kosa lake litamuua mwingine. Kisha akanipiga begani kofi la kweli.

"Sita, sawa!"

Nikapanda, nikafumba macho, nikaruka. Nilitua kwa makalio, nikaitikia "Présent!" nikiwa bado chini, na ukumbi ukaangua kicheko kingine. Nyuma yangu Mama Régine akaruka mara moja tu. Alipotua aliyashika magoti yake, akasema yananishukuru.

Tulikula, tukacheza hadi jua lilipopinda. Jumapili walinisindikiza kituoni watu kumi na wanne kwa mkoba mmoja, na safari ya kurudi sikuiona. Vumbi la Sumbawanga liliniingia puani nikiwa natabasamu peke yangu.

Nimejifunza nini? Nilidhani kumbukumbu ni kazi ya wafiwa, na sisi tulio na mtu wetu mzima haituhusu. Kumbe kuna watu ambao hawakupata kumwona baba yangu hata siku moja, hawakujua kama alikufa shujaa au alikimbia, na bado waliacha nafasi yake wazi kati ya tano na saba, na mama mmoja mwenye magoti mabovu akaijaza mwaka hadi mwaka. Nawashukuru, na naona haya kidogo kwamba mimi, mtoto wake, nilikuwa sijawahi hata kumuuliza.

Nilifika Kigoma alasiri, baba ananisubiri barazani. Nilijiandaa kumsimulia kwa mpangilio, kama mwalimu. Hakunipa nafasi.

"Ulituaje?"

"Kwa makalio, baba."

Alishtuka kuliko alivyoshtuka siku alipoiona picha yake yenye utepe. Akajiinua, mkono mmoja ukutani, akaniamuru nipande juu ya kizingiti cha baraza na viatu vyangu vya safari.

"Miguu pamoja! Magoti yalegee! Usitazame chini, ardhi haiendi popote!"

Niliruka. Akasema vibaya. Nikaruka tena. Majirani walianza kukusanyika kwenye uzio, na Mzee Hamisi, waliyekaa naye mtaa mmoja miaka thelathini, akauliza, "Ee Mzee Bona, haya mambo umejifunzia wapi?"

Baba aliuachia ukuta, akasimama kwa mguu wake mzima na ule mbovu.

"Jeshini," alisema, kwa sauti ya kufika barabarani. "Mimi ni namba sita. Haya mwalimu, ruka tena."