Ndoo za Maman Euphrasie

Ukiazima ndoo kwa Maman Euphrasie, ujue inakwenda na jina lake. Ameliandika ubavuni kwa wino usiofutika, jina na mtaa na namba ya nyumba yetu hapa Ixelles, kwa sababu anatujua sisi Wakongomani. Harusi ikiisha tunabeba maua, tunabeba chupa zilizobaki, na ndoo tunazigeuza za kufulia. Kila mwaka hununua nyingine. Nimekaa ghorofa ya chini yake tangu wanangu wakiwa wadogo, na sijaona hata mara moja mtu akimrudishia ndoo.

Kazi inayomlisha ni kuwaogesha wazee wa Kibelgiji kule Ganshoren. Lakini huku kwetu hakuna anayemjua kwa kazi hiyo. Huku ni Maman Couleur, mama wa rangi. Familia ikishachagua kitenge cha harusi humletea kipande, naye hununua mawaridi meupe, huyakata mashina kwa mshazari na kuyatia kwenye ndoo ya maji yenye rangi ya chakula, ile ile ya keki, kisha huyaacha yanywe. Kesho yake maua yamefanana na kitenge. Nimewaona mabibi harusi wakilia kwa furaha mbele ya ndoo zile, na Euphrasie akijitia hamnazo, anafuta mikono tu.

Anaclet ni mdogo wake. Mama yao alifia njiani walipokimbia Bukavu, na Euphrasie, mwenyewe binti mdogo, alimbeba mtoto yule mgongoni hadi wakavuka mpaka. Hakuzaa wa kwake. Ukimsema Anaclet mbele yake umemgusa pabaya. Mimi nilimsema hata hivyo, maana mtu mzima mwenye mvi kidevuni anayejibu kila jambo kwa "hiyo ni rahisi" ananichosha. Mwaka huu alitangaza kwamba amepata kazi ya kutunza bustani katika nyumba moja huko huko Ganshoren. Bustani gani katika baridi hii, nikamuuliza. Akacheka, akaniita maman ya polisi.

Jumapili moja baada ya misa alikuja kula fufu kwa dada yake. Nami nilikuwepo, nafunga utepe wa harusi ya binti mmoja wa parokia yetu, Mignonne, ambaye rangi yake ilikuwa zambarau, mauve kama tunavyoiita.

"Yaya," Anaclet akasema, maana kwetu dada mkubwa ndiye yaya, "fleur yenye iko na mizizi, unaweza kuipa mauve ikunywe?"

"Hapana. Ua yenye iko na mizizi inakunywa maji tu, couleur inabakia mu udongo. Unakata kwanza. Njo inakunywa."

"Unakata yote?"

"Yenye haukate haitageuka. Ni ya fête gani, harusi ya nani?"

"Ya batu ya kazi. Balionyesha bateja photo ya mauve, lakini yetu imetoka vert, kijani tu. Nikabaambia hiyo ni rahisi, yaya yangu anajua."

Aliondoka na ndoo zote zilizokuwa chini ya ngazi. Katikati ya wiki Euphrasie alifungua kabati akakuta chupa za rangi ya zambarau hazipo, hata moja, na harusi ya Mignonne ilikuwa Jumamosi hiyo hiyo. Alikasirika, na yeye si mtu wa hasira. Akanigongea mlango, tukapanda basi kwenda kumdai Anaclet vitu vyake.

Ganshoren ni pakimya mno kwangu, nyua za miti zimekatwa sawasawa na hakuna anayesalimia. Asubuhi ile barafu nyeupe ilikuwa juu ya kila paa la mtaa, isipokuwa paa la nyumba tuliyoelekezwa. Lenyewe lilikuwa kavu, jeusi, kama linalopashwa moto kwa ndani. Mapazia yalifungwa juu na chini. Nilimwambia Euphrasie turudi, akajifanya hasikii.

Anaclet alifungua mlango kidogo. Mikono yake ilikuwa ya zambarau hadi kwenye viwiko. Nyuma yake likatoka joto, na harufu ambayo kila anayeshuka metro pale Porte de Namur anaijua. Ni bangi. Tuliingia. Chini ya taa kali, chumba kizima kilijaa vyungu vya udongo vyenye visiki, na ukutani zilipangwa ndoo za Euphrasie, jina lake likitutazama mstari mzima, kila moja imesheheni matawi ya bangi yaliyoinama. Rangi ilikuwa imepanda kwenye mishipa ya majani tu, kama mtu aliyevilia damu. Kwingine yalikuwa kijani kile kile.

"Ilikuwa ingali ndogo, haiyakomaa," Anaclet alisema. "Lakini nilikata yote, yaya. Vile ulisema."

Euphrasie alikaa juu ya gunia la udongo. Alikuwa amemfundisha kuhusu maua, na mdogo wake alikuwa amefyeka shamba la watu. Mimi nilitaka kumzaba kibao yule mwanamume, mbele ya dada yake, na sijui nilijizuiaje.

"Vaa viatu," Euphrasie akamwambia. "Twende."

"Batu ya kazi banakuya leo. Nikikimbia bataseme niliharibu kusudi. Nitabaeleza, yaya. Ni batu ya kuelewa."

Hakumaliza. Ufunguo ulizunguka mlangoni, akaingia kijana mwenye koti safi, akapangusa viatu kwenye zulia kama aliyelelewa vizuri. Anaclet alimwita Séraphin, tena kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuchekacheka. Séraphin alipita ndoo hadi ndoo, akavunja jani, akalisugua, akatazama kidole chake. Akakipangusa kwenye shati la Anaclet, taratibu. Kisha akainama, akasoma ubavu wa ndoo kwa sauti: jina, mtaa, namba.

"Bonjour, mamans," akasema. "Euphrasie njo nani kati yenu?"

"Ni mimi. Ni ndoo zangu."

"Zitarudi. Siye hatuibe vitu ya batu. Mwende muzuri, tonton Anaclet atabakia. Tuko na mambo ya kuongea."

Na sisi tukaenda. Euphrasie aligeuka mlangoni, na Anaclet akampungia ule mkono wa zambarau.

Ndani ya basi nilisema polisi. Akaniambia karatasi za Anaclet bado ziko kwa wakubwa wanaoamua, na wakimkuta mule watamrudisha Kongo. "Na bale banajua mlango yangu," akaongeza. Mlango wake uko juu ya wangu. Anayepanda ngazi anafika kwangu kwanza. Polisi sikuwataja tena.

Jioni ilikuja sauti ya Anaclet, imerekodiwa, kwenye simu. "Yaya, balielewa. Hakuna shida. Samedi, siku ya harusi, ntakuletea ndoo zako." Euphrasie aliisikiliza na kuisikiliza tena, akimshukuru Mungu, na usiku huo alikula vizuri. Mimi sikufurahi. Anaclet alisema maneno yale kama msomaji wa somo la kwanza kanisani, na hakusema kuwa ni rahisi.

Jumamosi asubuhi mawaridi ya Mignonne yalikuwa yamekunywa vizuri, katika ndoo mpya na zambarau mpya. Tulikuwa tunayafunga. Euphrasie alimpigia mdogo wake, hakupokea. Akampigia tena. Hapo ndipo tuliposikia wimbo wa kwaya ya parokia yetu ukija kutoka kwenye ngazi, wimbo ambao Anaclet ameuweka kuwa mlio wa simu yake.

"Ni yeye," Euphrasie akasema. "Ameleta ndoo." Uso wake ulikunjuka wote. Akakimbia kufungua, mikono ikidondosha maji ya rangi.

Ndoo zake zilikuwa mlangoni, zote, moja ndani ya nyingine. Zilikuwa zimesuguliwa hadi hakukubaki hata tone la zambarau, isipokuwa jina lake ubavuni. Kwenye ngazi hakukuwa na mtu, si juu wala chini. Ndani ya ndoo ya juu simu ya Anaclet iliendelea kuimba, na kiooni palikuwa na neno moja, Yaya. Simu ya Euphrasie ilikuwa bado mkononi mwake, inaita. Nilimwambia aikate, hakukubali.