Sista Auleria wa Igurwa, Aliyengoja Jibu la Salamu

Alizaliwa Igurwa, wilayani Karagwe, mwaka 1959, katika familia ya wakulima wa migomba na kahawa, akabatizwa haraka kwa jina la Auleria kwa kuwa walidhani hatafika Jumapili. Alifika. Utotoni aliugua koo mara kwa mara, kisha magoti yakavimba, na ugonjwa huo ukamwachia moyo wenye kasoro alioubeba maisha yake yote bila kuutangaza. Naeleza hili mapema ili msomaji asidhani aliyajua magonjwa ya moyo kwa kusoma tu. Kanisa halijamtaja kuwa mtakatifu, nasi hatulitangulii; tunasimulia tuliyoyaona.

Aliingia utawani mwaka 1980, akasomea uuguzi, akapangiwa zahanati ya masista huko Kibingo, Kyerwa. Chuoni alifundishwa kumuuliza mgonjwa analalia mito mingapi, maana moyo ukichoka maji hujaa mapafuni na mtu hawezi kulala chali. Wanawake wa Kibingo walimcheka mpaka wakajifuta machozi. Mito, Sista? Hapa mto ni wa mgeni. Basi akaliacha swali la chuoni, akachukua salamu yetu wenyewe. Sisi tukiamka huulizana tumelalaje, na kila mtu hujibu vizuri huku anatembea, hata mwenye jino bovu. Yeye akiuliza alisimama, akakushika mkono penye mshipa, akangoja. Ilitukera, nasema kweli. Wengine walizunguka nyuma ya kanisa wasikutane naye.

Jumapili moja ya Julai 2013, baada ya Misa, Mama Kokugonza alikuwa akimsifu mkwe wake Joyness, aliyekuwa amejifungua majuma machache nyuma. "Mkwe wangu ni hodari. Tangu wezi waanze kutuandama halali kitandani. Anakaa ameegemea magunia ya kahawa mpaka kunakucha." Watu wakampongeza. Sista Auleria uso ukambadilika.

"Mama, nani alimwomba alinde?"

"Hakuna, Sista. Amejitolea mwenyewe."

Aliondoka bila kuaga, akapitia zahanati kuchukua mkoba wake wa dawa. Sisi tulioachwa pale tulianza kuogopa bila kujua tunaogopa nini, tukamfuata.

Joyness alikuwa bado kwenye magunia, anahema, mishipa ya shingo imesimama, na miguu imevimba hata kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Mumewe, Deodatus, naye alikwisha kuona hali si nzuri, akamwita muuza dawa aje amtundikie maji, kwa maana kwetu mgonjwa asiyetundikiwa maji huhesabika hajatibiwa. Chupa ilikuwa imeshaning'inizwa kwenye msumari. Sista aliishusha.

"Moyo wake umeshindwa na maji aliyonayo," alisema. "Ukimwongezea haya, atazama hapa hapa pakavu."

"Sista, mke wangu akifa bila kutundikiwa maji, nitawaambia nini kwao?"

"Utawaambia ni mimi niliyekataa."

Mimi mwenyewe moyoni nilikuwa upande wa Deodatus. Sista akamkalisha Joyness miguu ikining'inia, akampigia simu daktari, akamchoma sindano ya kutoa maji mwilini, kisha wakampakia kwenye gari la parokia kwenda hospitali. Njia nzima alikaa nyuma yake, akamwegemeza kifuani pake asije akalala. Kokugonza akisali kwa sauti, Sista akamwambia, "Salia moyoni, mama, nataka kusikia anavyopumua." Mbele kidogo Joyness akaomba gari lisimame, ana haja ndogo. Ndipo Sista alipolia, akamshukuru Mungu kwa ule mkojo kama wengine wanavyoshukuru kwa mvua.

Madaktari walisema uzazi ndio uliouchosha moyo, wakamtibu, wakamruhusu arudi nyumbani, wakamkataza kubeba mimba nyingine. Ndugu wa Deodatus walinung'unika sana. Sista alikwenda kuwasikiliza mara nyingi mpaka wakachoka.

Novemba 2021 ilikuwa zamu yake. Miezi hiyo alitembea polepole, tukadhani ni uzee. Hapo namlaumu kwa kutuficha, na hata mtakatifu hulaumiwa. Asubuhi moja Joyness alimpelekea ndizi, akamkuta ameketi kitandani.

"Shikamoo, Sista. Umelalaje?"

"Vizuri, mwanangu."

Joyness akaweka ndizi chini, akamshika mkono penye mshipa, akangoja kama alivyofundishwa.

"Sikulala," Sista akasema mwishowe. "Nimekaa."

Joyness aliita gari, kisha akapanda kitandani, akaketi nyuma yake na kumwegemeza kifuani pake. Gari lilikuta amekwisha kufa, hajalazwa chali.

Siku hizi Kibingo wajawazito na wazee wasiolala huletwa zahanati mapema, nasi twahesabu hilo kuwa muujiza wake. Anayetaka kumfuata asianze na makubwa. Kesho asubuhi amuulize wa nyumbani kwake amelalaje, akijibiwa vizuri asiondoke kwanza.