Siku Nilipomwigiza Baba

Nilipaswa kusema hapana. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na neno lenyewe si gumu kutamka. Sikulisema. Nilikubali kumwigiza baba yangu mbele ya umati ili umati unipende, na tangu siku hiyo nimeishi nikikubali.

Nawaeleza haya kwa sababu ya harufu. Jumamosi iliyopita jirani yangu hapa mtaani Kambarage alikuwa akimwoza binti yake, na vijana wa ngoma waliwasha nyasi kavu karibu na ukuta wangu ili wazipashe ngoma zao moto. Ngozi ya ng'ombe ikikaza juu ya moto hunuka nywele zilizoungua na mafuta ya zamani. Nikaweka kikombe cha chai chini. Kabla sijatulia, mshereheshaji akanifuata hadi kibarazani na kipaza sauti chake.

"Shikamoo mzee Mabula. Wageni wanasema wewe ndiye fundi wa kuiga watu. Hebu tuchekeshe kidogo."

Nilimwambia aondoke mlangoni kwangu. Akadhani naigiza mzee mwenye hasira, akanipigia makofi.

Baba yangu, Masanja, alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, katika kijiji chetu karibu na Tinde. Ujanani alikwenda Geita kuchimba dhahabu, gogo la kuzuia udongo likamwangukia nyongani, akarudi na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Alirudi pia na wimbo. Ulikuwa wimbo wa njia, mrefu, unaotaja kila kisima kutoka kwetu kupita Bugarama hadi Geita: kipi kina maji ya chumvi, kipi kina mwenyewe mkali, wapi alizikwa rafiki yake aliyeshindwa kufika. Akiutafuta ubeti alifumba macho, na kidevu chake kikatetemeka kama cha mtu anayetaka kupiga chafya.

Wimbo ule haukufundishwa nyumbani. Baba aliniahidi kwamba mwaka ule, mashindano yakiisha, tungeifuata njia ile wawili, na kila kisima angenifundisha ubeti wake palepale, huku nikinywa maji yake. "Ukinywa, hutasahau," alisema. Nilihesabu siku kama watoto wengine wanavyoingojea Krismasi.

Lazima niwaeleze mashindano yenyewe. Kwetu, baada ya mavuno, pande mbili za ngoma hukutana uwanja mmoja. Majina ya pande hizo nayaacha, maana wajukuu wao bado wanazozana. Hakuna mwamuzi. Kila upande hufanya duara lake, ngoma zinaanza kwa pamoja, na watazamaji huenda wanakotaka. Jua likizama siku ya mwisho, aliyezungukwa na wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo watu walifanya kila kitu: walicheza na chatu, walivaa ngozi za fisi, waganga walizika dawa uwanjani za kuvuta miguu ya watu. Baba hakufanya lolote kati ya hayo. Wenzake walipomsihi afupishe nyimbo na atie vichekesho, aliwajibu, "Mimi siwaiti watu. Naimba. Anayetaka kusikia ana miguu." Nilimwona mkaidi. Niliona aibu.

Shuleni walinicheka kwa ajili ya mguu wake. "Mabula, baba yako anapima shamba au anatembea?" Nikagundua njia ya mkato ambayo waoga wengi huigundua: nikianza mimi kumcheka, hakuna atakayenicheka mimi. Nikaanza kumwigiza wakati wa mapumziko. Nilikuwa hodari, siwafichi. Nilichechemea, nilifumba macho, nilitetemesha kidevu. Walionikimbia wakawa wananibebea daftari.

Habari zikamfikia Luhende, manju wa upande wa pili. Alikuwa kijana mrefu, mwenye meno mazuri na nyimbo chache. Siku ya tatu ya mashindano, ndiyo ya mwisho, duara lake lilikuwa linapwaya, kwa sababu wazee na wanawake walikuwa wamemzunguka baba. Akanikuta nyuma ya mitungi ya maji.

"Njoo uchezee kwetu wimbo mmoja tu," alisema. "Watu wote hawa watalijua jina lako."

"Baba atakasirika."

"Baba yako yuko na visima vyake. Hata hatakuona."

Mama yangu alikuwa amenionya mwanzoni mwa wiki, alipopata habari za shuleni. "Mwanangu, makofi hayapikwi," alisema, akaendelea kuchambua choroko. Niliyakumbuka maneno yake pale nyuma ya mitungi. Nasema hivyo ili msije mkanihurumia. Nilijua. Luhende hakunishika mkono. Nilivuka uwanja kwa miguu yangu mwenyewe.

Walinipa mpini wa jembe uwe kama fimbo ya baba. Nikaingia duarani nikichechemea, nikafumba macho, na kidevu kikaanza kazi yake. Kicheko cha kwanza kilitoka kwa mtu mmoja, kisha kikapanda kama vumbi la ng'ombe wanaotoka kisimani. Waliosimama karibu na baba wakageuza shingo. Halafu wakageuza miguu. Walikuja shangazi zangu waliokula kwetu asubuhi ile. Walikuja wazee ambao baba aliwaimbia misiba yao bila kuombwa. Mpaka leo hao ndio wananiudhi kuliko Luhende, kwa sababu Luhende alikuwa mshindani, lakini wao walikuwa watu wetu.

Kupitia vichwa vyao nilimwona baba. Alibaki na wapiga ngoma wawili, na mama. Aliimba ubeti, na kiitikio ambacho dakika chache kabla kiliitikiwa na watu wote wale, sasa mama alikiitikia peke yake kwa sauti yake nyembamba. Hakuruka kisima hata kimoja. Aliufikisha wimbo Geita, akaweka ngoma chini, akaja kwetu.

Watu wakampisha. Kila mmoja alitaka kuona nikichapwa. Baba alinitazama miguu kwa muda, kama mtu anayekagua kazi ya fundi.

"Mguu mbovu ni wa kushoto, mwanangu," alisema. "Wewe umechechemea wa kulia."

Watu wakaangua kicheko upya. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

Upande wa Luhende ukashinda. Nilitegemea wanibebe mabegani. Walimbeba Luhende. Kesho yake nilikwenda kwake kuomba niwe mchezaji wake wa kudumu, na akawageukia wapiga ngoma wake huku nikisikia. "Mtoto aliyemgeuka baba yake kwa kicheko, mimi atanifanyia nini?" Wakacheka. Wale wale waliocheka jana yake uwanjani. Luhende alikufa akiheshimiwa, na mazishini walimsifu kwa saa nzima kwamba alijua kuwafurahisha watu. Nilikuwepo. Niliondoka kabla ya chakula.

Mashindano yakaisha. Nikafua shati langu nikangoja safari. Wiki ikapita. Mwishowe nikamuuliza baba tutaondoka lini, naye alikuwa anafunga kamba ya kitanda. Hakupandisha sauti.

"Njia ile ni ya mtu anayeweza kuimba hata asipotazamwa," alisema. "Wewe bado."

Nilisikia "wewe bado" kama tusi. Nilikuja kuelewa nikiwa na wajukuu kwamba maneno yale yalikuwa mlango. Alinipa nafasi ya kukua. Kama ningerudi mwaka mmoja baadaye nikasema, baba, nilikosa, nifundishe, angechukua fimbo yake tukaondoka. Mimi nilinuna. Kisha nikaenda sekondari, na kule nikamwigiza mkuu wa shule kwa ajili ya wenzangu. Nikapata kazi ya ukarani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nikamwigiza mhasibu kwa ajili ya meneja, na meneja kwa ajili ya wapagazi. Nilioa mwanamke aliyesifiwa na marafiki zangu, nikajenga nyumba waliyonishauri wao. Sikuwahi kukaa kwenye duara tupu, hata siku moja.

Baba hakuimba tena hadharani. Sikuwahi kumwomba. Alikufa msimu wa kupalilia, akiwa mzee sana, na waliobeba jeneza waliniomba mimi, mwanawe wa kwanza, nianzishe wimbo wake njiani, kama desturi inavyomtaka mwana wa manju. Nikafungua mdomo. Kidevu kikatetemeka vizuri kabisa. Maneno hayakuwepo. Tukamzika kimyakimya.

Mama alikuwa ametangulia, na wapiga ngoma wale wawili pia. Hakuna aliyebaki anayeujua wimbo ule. Nilimpoteza baba akiwa hai, nikaupoteza wimbo wake wote, na nina zaidi ya miaka sabini na sijawahi kuisikia sauti yangu mwenyewe ikiimba.