Koki Aliyoifunga Mwalimu Saverina

Bweni letu liko juu kabisa milimani Rodope, na mwenye bweni ni mimi, Stamen. Mkuu wa shule atakwambia mwenyewe ni serikali. Basi muulize hiyo serikali nani huamka kuwasha tanuri.

Septemba iliyopita tuliletewa mwalimu wa Kiingereza kutoka Malta, kisiwa kidogo hivi kwamba ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakuombea afya. Jina lake Saverina. Alikuja na koti ambalo mbuzi wangu angelikataa mwezi wa tano, akapewa chumba ghorofani pamoja na wanafunzi. Watoto wa vijiji vya mbali hulala hapo wiki nzima. Ni wachache, ila kelele zao ni za kikosi.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, alitoka mbio na ndala, akapanua mdomo aidake.

"Mwalimu, funga mdomo, ataingia kunguru!" alipiga kelele Zhivka, binti mkubwa kuliko wote bwenini, mwenye ulimi wa kunyolea nguruwe.

Furaha ile haikufika Krismasi. Akawa anafundisha na glavu, soksi juu ya soksi, pua nyekundu kama pilipili ya kukaanga. Lakini watoto walimpenda. Jioni walijibana naye jikoni, maharage yakichemka, wakimcheka anavyotamka majina yao. Naye alijua wilaya inatafuta sababu ya kulifunga bweni: watoto wachache, kuni nyingi, kosa moja tu na wote wanahamishiwa mjini. "Hamtoki hapa mpaka mmalize shule," aliwaambia. "Nawaahidi."

Sasa kwetu, baridi ikikaza, koki ya jikoni huachwa idondoke. Maji yanayotembea hayagandi. Yakisimama, ni barafu mpaka masika. Hakuna anayemfundisha mwenzake jambo hilo, kama vile hakuna anayefundishwa kupepesa macho. Kwa kina Saverina nako, mvua hukingwa juu ya paa, hutunzwa kisimani chini ya nyumba, na mtoto akimwaga kikombe, kofi. Kwa hiyo akisikia tone, mkono ulikwenda wenyewe. Alifunga. Watoto wakipita walifungua, kila mmoja akidhani mwenzake kasahau.

Ikaja jioni moja ya baridi ambayo hata mate yaligonga chini kama kokoto. Watoto walipanda kulala mapema, mwalimu akabaki wa mwisho jikoni.

Asubuhi koki ilikohoa mara moja, ikanyamaza.

"Nani kafunga hii?" Zhivka aliuliza.

"Mimi," mwalimu akasema. "Ilikuwa inavuja. Nimekosea?"

Zhivka, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alitazama viatu vyake. Ikabidi nimweleze mimi, na uso wa mwalimu ukawa rangi ya maziwa.

"Usihofu, mwanangu," nikamwambia. "Umempata Stamen. Jeshini nilizibua mabomba ya kambi nzima kwa birika moja."

Nikalizungushia bomba matambara, nikamwagia maji ya moto, nikaongeza rakia, pombe yetu kali ya matunda, kutoka chupani kwangu.

"Mjomba Stamen, mbona dawa inaingia mdomoni kwako?"

"Naonja kama imeiva, Zhivka. Nyamaza."

Bomba likajibu: paa! Likapasuka ndani ya ukuta. Maji yakatoka jikoni, yakashuka ngazi za nje, yakaganda hapohapo.

Barabara ilikuwa imefungwa, fundi asingeweza kupanda. Tukayeyusha theluji jikoni. Sufuria ukilijaza mpaka juu, unapata maji ya kuoshea kijiko. Mwalimu alibeba ndoo, ndoo, ndoo, mpaka viganja vikapasuka.

"Mjomba, theluji yote hii, na hatuna maji?" mwalimu akaniuliza.

"Ndiyo, mwanangu."

Nikamchukulia ndoo mkononi, nikatoka kuijaza.

Mwalimu akapiga simu wilayani. "Kosa ni langu. Niadhibuni mimi." Wakamjibu kwa adabu kwamba hakuna anayeadhibiwa; bweni bila maji hufungwa, ndiyo kanuni. Greda likisafisha barabara, basi litapanda nyuma yake.

Yule mwalimu aliyekuwa ameichukia theluji akawa anasimama dirishani akiiomba. Iendelee tu, iifukie barabara. Na mbingu, kwa ukaidi wake, ikatakata kama glasi iliyooshwa.

Basi likaja. Aliomba aende nao, akaambiwa mjini wana mwalimu wao. Akawafunga watoto skafu mmoja mmoja, waliokwisha kuzifunga wenyewe.

"Mwalimu, usilie," Zhivka alisema akiwa kwenye ngazi ya basi. "Machozi yataganda, halafu Mjomba Stamen atakuja kuyazibua."

Mwalimu akacheka, na kile kicheko kilikuwa kibaya kuliko kilio.

Masika nililibadilisha bomba mimi mwenyewe. Haya, fundi alishika spana. Maji yalirudi, watoto hawakurudi. Saverina anafundisha wadogo wa hapa kijijini, ambao mchana hukimbilia kwao, naye hubaki peke yake ghorofani.

Sasa ni mwezi wa sita, kuku wanahema midomo wazi kwa joto, na koki ya jikoni mwalimu anaiacha idondoke mchana kutwa, usiku kucha. Mkuu kaona huo ni uharibifu, kanituma nimwambie mwalimu aifunge. Nimeitikia kwamba nitamwambia.

Bado sijamwambia.