Jina Nililoliita Jikoni

Utotoni mwangu Baba alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la chai, karibu na Boito, na mimi nilimpelekea mboga jikoni. Sikuwa mtoto wa maneno mengi. Hata leo, nikiwa mama wa watoto wawili, maneno yangu ni machache.

Mwaka ule meneja alileta friji ya mafuta ya taa. Ndani yake kitu kilinguruma, kikanyamaza, kisha kikalia tik. Niliganda mlangoni.

"Unaogopa tumbo la sanduku?" Baba alicheka. "Hiyo gulugulu ni dawa inazunguka kwenye mabomba. Hiyo tik ni chuma kinajinyoosha. Bwana meneja amenifundisha. Siku ikinyamaza kabisa, hapo ndipo uniite."

Wapishi wa nyumba nyingine hawakuyajua mambo hayo, na Baba alijivunia sana.

Wiki hiyohiyo mama alijifungua. Kwetu Wakipsigis, wanawake humwitia mtoto mchanga majina ya wazee waliokufa, na jina atakalolipigia chafya ndilo la mzee aliyerudi. Mdogo wangu alipiga chafya kwa jina la mzee wa mbali wa ukoo. Kogo, yaani bibi yangu, hakufurahi.

"Na babu yako, Arap Koros, atakaa wapi sasa?" aliniambia. "Atanung'unika tu kwenye nyumba za watu."

Jumamosi Bwana na mkewe walienda kulala Londiani. Baba akiwa nje anaanua vitambaa, nilisimama mbele ya friji nikaita majina ya wazee wetu, moja moja, kwa sauti ya chini. Nilipofika kwa Arap Koros, ikalia tik.

Nikafungua mlango wa friji ili babu atoke. Baridi ilinipita miguuni, nami nikaamini ni yeye. Sikuufunga tena, niliona si adabu kumfungia mzee mlango mgongoni. Baba alifunga mlango wa jikoni kwa nje bila kuingia, tukaenda nyumbani.

Jumapili jioni waliporudi, nyama waliyowawekea wageni ilikuwa inanuka na maziwa yameganda. Bwana aliuliza ni nani aliyeacha mlango wazi. Nilikuwa nimesimama pale na kikapu cha mboga. Baba alinitazama mara moja. Mimi nikatazama sakafu.

"Ni mimi, Bwana," alisema.

Jumatatu alipelekwa kuchuma chai, na jikoni hakurudi tena. Wachumaji walimtania: "Mpishi, leo utatupikia majani?" Naye alicheka pamoja nao.

Sioni haya kwamba nilimwamini Kogo. Ninachoonea haya ni kwamba Baba alinieleza sauti zile kwa furaha, nami nikamchukulia kama mtu asiyejua kitu. Kisha akanipa nafasi ya kusema, kwa macho tu, nikaiacha ipite.

Bado yuko hai. Nikienda kumwona huniuliza habari za watoto, nami humjibu habari za watoto.