Nyonga ya Mama

Mama alivunjika nyonga akiinua kidumu cha lita tano, kidumu ambacho kwetu Nakivale, kambi ya wakimbizi, hubebwa na watoto wa chekechea. Shangazi, dada wa baba, alimkuta chini, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Ata kuanguka anaanguka kivivu."

Nilicheka.

Kwa miaka ishirini na mitatu mama alikuwa na makosa mawili. Aliponizaa mimi, kitinda mimba wake, maziwa hayakutoka, na shangazi akatangaza kwamba maziwa hukataa mtoto wa nje. Baba alisadiki, akaenda kuoa upande wa pili wa kambi. Kosa la pili, tangu hapo mama alikuwa mtu wa kulala. Wenzake wakipalilia maharage, yeye hukaa kwenye tuta, kitenge mabegani, akitetemeka juani. Mimi niliyesoma biolojia chuo kikuu, niliyembishia mchungaji kuhusu gharika na wagawa chakula kuhusu mizani yao, hilo sikuwahi kulihoji. Likizo nilimwita Mama Mkeka. Shangazi alilipenda sana jina hilo.

Hospitalini Mbarara, daktari, Mnyankore wa huko huko mwenye Kiswahili cha jeshi, aliitazama picha ya mifupa, akamwambia mama ainue mkono. Kwapa halikuwa na unywele hata mmoja.

"Mama, ile toto ya mwisho, wewe ilipatia maziwa?"

Shangazi akaguna. Mama akafumba macho.

"Damu ilitoka mingi?"

"Mingi. Ilijaza godoro. Balinibeba kwa baiskeli, sijui kitu tena."

Majibu ya vipimo yalipotoka, daktari alinieleza kwa Kiingereza akaniagiza nitafsiri. Kuvuja damu kule kulikiua kitezi kidogo kilicho chini ya ubongo. Kitezi hicho ndicho huagiza maziwa na hata nywele za kwapa, ndicho huuamsha mwili, ndicho hutoa homoni ya ukuaji. Nayo haiishii utotoni: mfupa wa mtu mzima hubomolewa na kujengwa kila siku, na homoni hiyo ni mmoja wa wasimamizi wa ujenzi. Kwa mama ubomoaji uliendelea, ujenzi ukazorota. Hayo nilikuwa nimeyaandika kwenye mtihani, nikafaulu vizuri.

Nikatafsiri. Nilipofika kwa "mtoto wa mwisho" nilimtaja kana kwamba ni mtu mwingine.

"Ni weye," shangazi akasema. "Basi ni weye ulimumaliza."

"Muache," mama akasema. Nilidhani ananitetea. "Hiyo asirudilie. Arudilie ya maziwa. Na ya uvivu. Kwa nguvu, batu basikie."

Nikarudia. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuza vichwa. Akataka tena. Mara ya tatu sauti ilinikatika.

"Kunicheka ulikuwa na sauti," akasema. "Endelea."

Nikaendelea, hadi mwisho wa maneno ya daktari: vidonge vya kumrudishia nguvu vipo, sindano ya homoni ya ukuaji kwake haitapatikana, mfupa uliokwisha hautarudi wote, na huenda asifike tena shambani kwa miguu yake.

Mama hakuuliza lolote kuhusu mguu. Alikuwa akimkodolea macho shangazi.

"Umesikia, wifi?"

"Nimesikia."

"Utaenda kumuambia kaka yako. Yote."

"Nitamuambia kesho."

"Leo," mama akasema.

Shangazi akainama kutafuta viatu vyake chini ya kitanda.